Sukuni

Friji ya maabara hapa Wete inanguruma kama paka mzee,
na ndani yake wamelala ndugu wawili,
Mize na Asaa Shaame, wa Mtambwe,
kila mmoja katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau.
Baba mmoja, mama mmoja, selimundu moja.

Ila kipupwe kikiingia
Mize ndiye anayeng'ata ncha ya kanga asipige ukelele,
damu imejikunja mundu, inamfyeka mifupa kwa ndani,
na Asaa yuko juu ya mkarafuu
anapiga mbinja.

Miaka kumi na minne nyumba ile imejiuliza kwa nini.
Wamesema jicho. Wamesema maziwa ya mwanzo.
Jirani mmoja alisema, wala hakuulizwa,
kwamba mtoto wa kike ni mwepesi wa kulia.

Mimi majibu nimeyasoma mara tatu.

Tumboni, kabla hatujavuta pumzi,
sote tuna damu nyingine,
damu ya kuazima hewa kwa mama,
nayo haijui kujikunja.
Tukishazaliwa, haupiti mwaka,
jeni yake hufungwa. Haifutwi. Hufungwa.
Mlinzi huja akasimama juu yake
akainyamazisha.

Nikakumbuka chuoni kwa Maalim Faki,
ubao, wino wa masizi, magoti yenye vumbi,
be fataha ba, be kisiri bi, be dhumma bu,
halafu kile kiduara kidogo juu ya herufi:
sukuni.
"Be ipo," alisema, huku akichokonoa meno.
"Ipo pale pale. Ila hapa midomo inafumba."

Kwa Asaa, herufi moja imekosewa,
si ndani ya neno, nje yake, pembeni,
katika ile mistari mirefu isiyojenga kitu
ambayo sisi chuo kikuu tulifundishwa kuiita takataka.
Hapo ndipo mlinzi alipopaswa kukanyaga.
Hakupata pa kuweka mguu.
Basi damu ya tumboni ikaendelea kusomwa kwa sauti,
miaka kumi na sita sasa,
na mwenyewe hana habari. Anapiga mbinja.

Bi Time alinisikiliza, mkoba mapajani.
"Kwa hiyo mie n'lompa huyu, n'kamnyima yule?"
Hukumnyima, nikasema. Mize analo neno zima,
limefumbwa tu.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
pesa yako iko benki, na benki imefungwa.

Ndipo Mize, aliyekuwa mlangoni
akijifanya anasoma bango la chanjo,
akasema: "Si mulifute hilo sukuni."

Huko ng'ambo wanafuta.
Wanaingia kwenye mistari ile ile ya takataka,
wanakata penye swichi ya mlinzi, tena katika damu tu,
kwengine aendelee na kazi zake.
Nimesoma habari za wagonjwa waliomaliza mwaka
bila ya kulazwa hata usiku mmoja.
Nimeisoma na bei.
Nikajaribu kuigeuza pishi za karafuu,
nikaumaliza msimu mzima wa Mtambwe, nikaweka kalamu chini.

"Bado," nikamwambia,
neno tunalolitumia kwa mvua, kwa mahari, kwa umeme,
na sikulipenda lilivyotoka mdomoni mwangu.

Hakulia. Alinyosha mkono, akataka kichupa chake.
Lebo ilikuwa imelowa, jina limefifia.
Akachukua kalamu yangu, akaliandika upya
kwa herufi za chuo, kulia kwenda kushoto,
bila ya irabu hata moja.

"Atakayenisoma," akasema, "na ajitahidi."

Nikakirudisha ndani, ubavuni mwa kaka yake.