Mkono wa Kwanza

Julai, Newala. Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
usiku kucha, umeingia hadi jikoni,
na mwanangu Shaweji nimemkunja
kama nilivyofundishwa:
ukingo wa khanga chini ya kisogo,
mkono wa kulia ubavuni, pindo, vuta,
mkono wa kushoto, pindo, vuta,
miguu iachwe ikae kichura.
Anabaki uso tu,
uso wa mtu mzima anayesubiri zamu yake benki.

Khanga hiyo imekuwa tumbo langu la pili.
Bila khanga alikuwa akishtuka:
jirani akiwasha pampu ya salfa mikoroshoni alfajiri,
mikono yote miwili juu,
kama mtu aliyedondoka usingizini
akitafuta tawi.
Ndani ya khanga hadondoki.
Nami nikalala. Nisikufiche:
nilimfunga ili nilale.

Jumanne, kliniki. Muuguzi akampima,
akaandika kwenye kadi bila kuinua kichwa:
"Akianza kutaka kugeuka, mama, basi. Usimfunge tena."
Kutaka kugeuka ndiyo nini?
Kutaka kunaonekana wapi mwilini?
Nilitaka kuuliza. Foleni nyuma yangu ilifika mlangoni.

Mama mkwe, Bi Nangumbi, anamenya ming'oko:
"Baba yake tulimfunga mpaka akakaa.
Kwani amepinda?"
Baba yake yuko Masasi, anashona magunia ya msimu ujao.
Kwenye simu anasema: fanya unavyoona.
Ninavyoona.

Wiki ile nikawa mpelelezi.
Nikamwona akivuta magoti hadi tumboni.
Nikamwona akitazama kando, bega likafuata jicho,
kisha bega likakumbuka kuwa limefungwa.
Nikasema, bado, hiyo ni gesi.
Nikasema, baridi ikipungua.
Nikasema, mikorosho ikishachanua yote.
Asiyetaka kuacha hakosi kalenda.

Usiku wa Ijumaa niliamka bila kuitwa.
Kimya kile sikukijua.
Mwanga wa simu: Shaweji kifudifudi,
khanga imekaza, mikono imo ndani,
pua kwenye godoro.
Kichwa anakiinua, kinaanguka. Anakiinua.
Hakulia. Alikuwa kazini.
Nikampindua, mikono yangu ikitetemeka,
naye akanikazia macho
kama fundi aliyenyang'anywa nyundo.

Nikafungua pindo. Mkono mmoja kwanza, wa kushoto.
Ukatoka na jasho lake na ngumi yake,
ukatangatanga hewani, ukanipiga jicho,
ukaupata mdomo.
Kitambaa nikakishusha kwapani, nikakaa macho hadi adhana.
Kesho yake nikautoa wa pili.
Aliamka mara tisa. Nilihesabu,
sikuwa na kazi nyingine.

Mara ya saba, au ya nane, nilijishika kiuno.
Mkaja wangu. Mwezi wa nne huu bado nimeufunga,
fundo lilelile la Bi Nangumbi, la siku arobaini.
Mimi hakuna muuguzi aliyeniambia basi.
Wala sikuwa nimejaribu kugeuka.

Asubuhi nimevifua vyote viwili
kwa ndoo moja, ya foleni ya saa mbili.
Kwenye kamba khanga imejinyoosha,
na tangu azaliwe nasoma jina lake lote.
Ikikunjwa lilikuwa likibaki neno moja kifuani pake,
SIKUWAHI,
likinisuta kila usiku.
Kumbe linaendelea: SIKUWAHI SIKUCHELEWA.
Nimecheka peke yangu. Viwanda vya nguo
huleta majibu mtihani ukishakusanywa.

Ndani, mkekani, kishindo kidogo.
Amegeuka tena. Mikono yote huru,
na kurudi hajui.
Sasa analia, kwa sauti yake yote.
Bi Nangumbi ananitazama, mng'oko mkononi.
Sinyanyuki. Nahesabu hadi tano.
Nafika tatu.