Witiri na Shufwa

Februari, Šumperk, theluji imegeuka tope.
Drahomíra ananiletea Škoda yake ya kijivu
na kunieleza maradhi kama anavyoelezwa yeye kazini:
yalianza lini, yanazidi saa ngapi.
"Nikitoka kwenye taa, linatetemeka,
kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza.
Ya kwanza kwenda ya pili tu. Halafu kimya."

Ni mkunga. Nusu ya bonde hili
imepita mikononi mwake ikilia.

Gari halina pedali ya tatu.
Mguu wake wa kushoto ulistaafu zamani,
ila kazi ya mguu haikufa, imehamia gizani:
klachi mbili, mgongo kwa mgongo,
moja ya gia witiri, moja ya gia shufwa.
Hii ikishika, ile imeshachagua gia yake,
imekaa, imebana pumzi.
Na shafti zao, moja imepita ndani ya nyingine
kama mkono ndani ya mkono wa koti.

Nimening'iniza injini kwa mnyororo,
nimeteremsha giaboksi juu ya jeki,
kilo sabini, nzito kama shemeji aliyelewa.
Pete ya chuma inayozuia yote ikagoma.
Nikaitukana kwa lafudhi ya marehemu baba.
Ikatoka.

Vumbi jeusi. Harufu ya nywele zilizoungua.
Ya witiri imekwisha, ribiti zinachungulia.
Ndiyo inayoling'oa gari kila mara,
kila taa, kila kilima,
kila lango la saa tisa usiku lenye mume anayepunga tochi.
Mwenzake hupokea mzigo uliokwisha kuinuliwa.
Mwenzake bado nene, safi.

"Basi badilisha moja."
Haziuzwi mojamoja, Drahomíra.
Huja sanduku moja, zimefungwa pamoja,
na beringi zao, na bei yao.
Akaitazama ile nzima.
"Na huyu, kosa lake nini?"
Nikaenda kuchemsha chai.

Kisha kupima. Hapa redio nazima.
Mara tatu, pande tatu,
washa ya unene gani ikae chini ya beringi.
Ukikosea kwa unywele
hii itashika kabla ile haijaachia,
gia mbili zigombanie gurudumu moja.
Baba alipima klachi kwa sikio.
Mimi nina saa ya mikromita, na bado naogopa.

Jioni, kompyuta inaziamuru:
funga, fungua, funga.
Klachi mpya haijui inapoanzia kugusa;
lazima ifundishwe, polepole, gari likiwa limesimama.

Tulijaribu barabara ya Rapotín, yeye usukani.
Taa ikawa kijani.
Gari likaondoka.
Ya pili ilikuja, sikuiona ikija.
Akafungua mdomo aseme kitu, simu ikalia:
mtu huko Loučná, maji yamevunjika.
"Vendula, shuka," akasema, "utanisamehe."

Kilomita mbili kwa miguu, viatu vya gereji.
Hajalipa bado.
Ile nzima nimeiweka rafuni, juu ya redio.
Hakuna gari litakaloitaka peke yake.
Naifuta vumbi Jumamosi, nikikumbuka.