Kisanduku cha Jirani

Kibanda changu kiko nyuma ya posta ya Malindi:
meza moja, printa yenye kikohozi, feni ya kuazima.
Nachapa barua za mashamba na za talaka,
maombi ya basari, maombi ya zaka,
risala za harusi kwa bei ya maelewano.
Wasemao aibu ya maiti aijua mwosha
wangeongeza: ya aliye hai aijua mpiga chapa.

Jumatano akaja mama wa nyumba ya pili, kule Barani,
Noemi Sonnino, mshona foronya za mahoteli
tangu mahoteli yalipokuwa na vitanda vya kutandika.
Miwani yake imefungwa kwa uzi wa cherehani.
Akaweka karatasi mezani, uso chini,
kama mtu anayeficha karata mbaya.

"Ni mfuko wa Wayahudi wenzetu," akasema.
"Husaidia wenye watoto.
Kuandika naweza. Mkono ndio umekataa."

Nikaanza. Baba: Davide, fundi wa jenereta,
mgongo ulimwacha mwezi ule ule hoteli ilipomwacha.
Watoto: wawili.
Tullia, gredi ya saba,
viatu vimekatwa mbele ili vidole vipumue.
Elio, miaka minane, pumu;
dawa ya kuvuta anaivuta nusu nusu,
anaiwekea akiba kama peremende.
Karo: deni la elfu arobaini na moja, mia tatu.
"Na chakula?"
Akatazama feni.
"Andika tunakula."
Nikaandika wanakula.
Nikafuta. Nikaandika: mara moja kwa siku,
na Ijumaa jioni mishumaa huwashwa
hata kama sufuria ina maji matupu.
Hayo hakuniambia yeye.
Ukuta wetu ni mmoja.

Kisha akatamka neno la kwao, sedaka.
Nikacheka. "Hilo letu, mama."
"Na letu," akasema, "ila kwetu
limezaliwa tumbo moja na haki.
Ndiyo maana nimekuja.
Ingekuwa kuomba, nisingekuja."
Sikujibu. Neno likakaa kati yetu
kama sinia ambalo hakuna atakaye
kuwa wa kwanza kutia mkono.

Ukurasa wa nne ukataka shahidi.
Chagua: Rabi. Mshirika wa sinagogi. Ndugu wa damu.
Rabi yuko Nairobi, usiku mzima wa basi
na nauli ya jozi mbili za viatu.
Ndugu walibaki Livorno, wengi wao chini ya mawe.
"Basi," akasema, akaanza kuikunja.

Nikaivuta. Nikatwaa rula ya mwanangu,
ile iliyovunjika kwenye sentimita ya kumi na tisa,
nikachora kisanduku cha nne chini ya vile vitatu,
kikaenda upande kidogo,
nikaandika JIRANI,
nikatia alama, nikatia sahihi:
Barke binti Lali, mpiga chapa.

Wiki tisa.
Nusu ya karo, dawa ya miezi sita,
na pembeni mstari wa kalamu, mkono wa mtu nisiyemjua:
Kisanduku hiki hakimo katika fomu yetu. Tumekipokea.

Noemi akaja kulipa. Mia na hamsini,
sarafu kwa sarafu, akazipanga kwenye ukingo wa meza.
Nilizichukua zote. Kumsamehe
kungekuwa kumrudisha Jumatano ile.

Alipogeuka akaiona droo, wazi:
fomu ya basari ya kaunti,
jina langu juu, kwingine kote kweupe,
vumbi la tangu Januari.

"Inuka hapo," akasema.
Akakaa kwenye kiti changu, akakunja mikono ya gauni,
akaitafuta herufi B kwa kidole kimoja, muda mrefu.
"Watoto wangapi?"

Wanne, nikasema.

"Na chakula?"

Nikatazama feni.