Safu ya Wakazi

Kila Februari bosi wangu Kaganzi hutaka mstari upande.
"Mwaka huu vipi?" huuliza, hata mkoba hajautua.
Nami hufungua jedwali. Alama za biashara: tele.
Sabuni, maji ya chupa, unga wa uji,
makanisa mawili yanayogombea njiwa mmoja.
Mstari huo hupanda wenyewe, kama mmea wa maboga juu ya choo.

Kisha hataza.
Hapo safu ni mbili.
Wasio wakazi: dawa, mbegu, vitu vya ndani ya simu,
kampuni ambazo hazijakanyaga tope la Owino,
zinatia kufuli mlango wetu
endapo siku moja zitapenda kuingia.
Wakazi: saba.
Na katika hizo saba, tatu ni za mhadhiri mmoja,
anayevumbua mpaka fedha za mradi ziishe.

Nilikuwapo dirishani Okwalinga alipofika kutoka Soroti,
basi la usiku, shati limeshika mikunjo ya kiti.
Akaitoa mashine guniani, akaitua juu ya fomu zangu:
uma wa baiskeli, ringi, wavu wa chuma,
mpini uliovishwa mpira wa tairi.
Akachota karanga mfukoni, akazungusha.
Maganda yakaruka hadi kwenye kibodi.
Punje zikatoka nzima, nyekundu, bila jeraha.
Mlinzi akala nne.

Nikamuuliza ninacholipwa kuuliza:
nani mwingine ameiona?
Akafurahi, maskini, akidhani nataka mashahidi.
"Wote! Niliipeleka maonyesho ya Jinja.
Nikapigwa picha, nikatoka gazetini. Cheti hiki hapa."
Kimekunjwa mara nne, kinanuka grisi.
Nikatazama tarehe.

Sheria yetu ina huruma ya miezi kumi na miwili.
Yeye alikuja na ishirini na sita.
Chema chajiuza, tuliimbishwa darasa la nne;
dirishani kwangu, chema kilichojiuza mapema
si kipya tena, na kisicho kipya hakina fomu.

Nilimwambia. Sikumbuki kwa maneno gani.
Akakusanya maganda kwa kiganja,
akayarudisha mfukoni,
kana kwamba hata hayo yangetozwa ada.

Mwaka jana nikatumwa Soroti kwa semina:
"Ubunifu na Maendeleo", chai saa nne, mgeni rasmi saa saba.
Nikatoroka, nikapita nyuma ya stendi
wanakokaa wachomeleaji.
Nikaiona. Nikaiona tena. Nikahesabu vibanda tisa.
Mmoja ameiongezea gurudumu la pili.
Mmoja ameigeuza kwa ajili ya mteja wa mkono wa kushoto.
Binti aitwaye Akurut amefunga chekeche chini yake,
punje zilizovunjika zinaangukia kwake, za soko kwingine,
na akina mama wamepanga foleni na mabeseni.

"Mnaiitaje?"
"Jinja," akasema, miwani ya kuchomelea kwenye paji.
"Kwa nini Jinja?"
"Si ndiko ilikotoka?"

Nikameza jina la mtu lililokuwa limeshafika ulimini.
Hata sasa sijui kwa nini.
Nilisikia yuko Serere, anaunga vitanda vya shule.

Leo ni Februari. Kaganzi amepiga simu mara mbili.
Ripoti inataka utafiti, mwelekeo, sababu kwa aya moja.
Vibanda tisa vya Soroti havimo, wala chekeche la Akurut;
jedwali halina safu ya vitu vinavyofanya kazi
bila kumwuliza mtu.
Naandika saba, kama mwaka juzi.

Nilijaribu nane. Kitufe hakibonyei sawasawa:
kuna kipande cha ganda chini yake, tangu siku ile,
nami sijakitoa.