Tundu la Sarafu

Kroner elfu tisa na mia nne.
Nimezihesabu mara tatu juu ya meza ya jikoni,
na mara zote tatu hazikuongezeka.
Nje, Lesja imelala chini ya theluji ya Februari;
basi la shule nimeliegesha, injini inapoa, tik, tik,
na kibali cha polisi kimekunjwa chini ya kopo la sukari
kama mgeni asiyejua akae au aage.

Bunduki ya shabaha. Si ya paa, si ya dubu.
Ya karatasi tu:
duara jeusi ambalo halijamkosea mtu
na bado hunyima usingizi.

Dukani Dombås walinionyesha iliyokamilika,
imelazwa ndani ya sponji kama mtoto wa tajiri.
Nikauliza bei. Kijana akaitaja polepole,
jinsi daktari anavyotaja ugonjwa.
Nikashukuru. Nikanunua soksi.

Basi nitaiunga mwenyewe.

Komeo na mwili wake vimetoka kwa mjane wa Asbjørn Kvam,
chuma cha zamani, mpini umeng'arishwa na kiganja
ambacho sasa hakishiki kitu.
Tukaandikishana, tukatia saini, tukanywa kahawa.
Alitaka elfu tatu, akapokea mbili na nusu,
kisha akanifuata hadi garini na mkate.

Kitako nilikitamani cha mjozi, chenye mawimbi ya asali.
Mjozi una wenyewe.
Binamu yangu Gudmund alikuwa na gogo la betula ghalani,
miaka kumi na moja likikauka, likingoja kuwa vijiko.
Tulilichonga wiki sita. Halina uzuri,
lina kovu pale patasi ilipoteleza tukicheka,
lakini shavu langu likilalia pale
halitafuti tena.

Mtutu, sasa.
"Kwenye mtutu usilete ubahili," alinguruma Oddvar,
ambaye mwaka themanini na saba alipewa kikombe cha fedha
na mpaka leo anatilia humo misumari.
Nikamwambia bei za mitutu mipya.
Akanyamaza. Akanyoosha kidole kitandani.
Nami nikainama, maana cha mvunguni ni cha mvunguni:
mtutu wa msimu mmoja, umeviringishwa
katika gauni la kulalia la marehemu mkewe.
"Elfu mbili," akasema, "na kila Alhamisi, hadi Pasaka,
unipeleke Otta kwa yule msichana anayenikanda goti."
Gauni alibaki nalo. Alilikunja vizuri.

Kifyatulio nimenunua kipya, elfu tatu na mia nane,
bila kuomba kupunguziwa.
Kidole hakidanganyiki:
kinataka kuvunjika kwa kioo, si kukatika kwa kamba.

Zikabaki elfu moja na mia moja,
nami, baada ya busara yote hiyo,
nikanunua darubini ya mia tano kwa mtu wa Bjorli
mwenye tabasamu zuri.
Rahisi huvunja upishi. Nyuzi sita chini ya sifuri
msalaba wake ulihama kama mlevi atafutaye mlango.
Ilirudi kwa mwenyewe; tabasamu halikurudi.
Nikauza skii za ujana wangu
nikapata nyingine, ina mkwaruzo pembeni, haihami.

Jumapili, uwanjani. Mita mia moja.
Risasi tano, na baina yake ukimya wa theluji
ikidondoka kutoka misonobari.
Nikatembea hadi kwenye karatasi bila kukimbia.

Mfukoni palibaki sarafu ya kroner tano,
ile yenye tundu katikati.
Nikaiweka juu ya matundu yangu: manne yakafunikwa.
La tano lilikaa peke yake, juu kushoto,
mbali kama mtoto aliyenuna.

Betula haikukosea, wala gauni lile, wala kioo.
Nilipumua.
Na pumzi hawaiuzi Dombås,
si mpya, si ya mitumba.

Alhamisi, njiani kwenda Otta,
Oddvar ataniuliza. Nitamwambia: nne.
Ya tano ataisoma mwenyewe
kwenye kioo cha gari.