Bati la Osaka

Kazi ya baba ilikuwa moja tu jinari:
kushika bati lililotobolewa herufi tano,
kulilaza juu ya robota la pamba,
kupaka wino kwa brashi ya katani,
kuliinua.
OSAKA.
Robota jingine. OSAKA.

Kusoma hakujua. Lugembe mwana wa Nshoma
alidhani Osaka ni mtu,
tajiri mwenye tumbo lisilo na sakafu
anayemeza pamba yote ya Usukumani
na kesho yake anatuma kudai nyingine.
"Bwana huyu," alimwambia mama, "halali uchi."

Pamba ilishuka kutoka Kwimba, Magu, Misungwi,
kichwani, kwa punda, kwa mikokoteni ya ng'ombe,
safi huku, fifi kule,
na kidole cha karani juu ya mizani
kizito kuliko mtoto wa miaka miwili.
Kisha treni. Tabora. Dodoma. Pwani.
Zaidi ya hapo baba hakuona.

Mimi ndiye niliyekuja kusoma,
katika kitabu cha jiografia kisicho na jalada,
kwamba Osaka ni mji, una ghuba kama sisi,
una mifereji na madaraja,
na zamani za zamani wachuuzi wake wa mchele
walipatana bei ya mavuno yangali shambani,
kama Nyanzobe wa mwaloni Kirumba
anavyotaja bei ya dagaa kabla mwezi haujafa.
Kwamba dohani zilikuwa nyingi
hata mchana ukavaa kaniki.
Kwamba wasichana wa mashamba
walipokezana godoro, zamu kwa zamu,
kwa kuwa vinu havikujua usingizi.

Pamba yetu ilipita vidoleni mwao.
Labda mmoja alikuta mbegu, au unywele wa shangazi yangu,
akaupuliza,
bila kujua kama Kwimba ni mtu au mahali.

Mji ule uliungua wakati wa vita. Ukajengwa.
Siku moja mama akarudi kutoka dukani na kitenge,
chekundu, maua yasiyoota kwetu.
Baba akapindua upindo
akaona herufi zake, ndogo kama chawa,
zile tano ambazo angezijua hata gizani kwa kupapasa.
Alicheka mpaka akakaa chini.
"Kumbe Osaka hali! Osaka anatapika!"
Kisha akaacha kucheka.
Akapanga kokoto uani: kilo ngapi za safi
kwa pande moja la nguo.
Kokoto zikaisha.

Jinari sasa ni ya popo.
Mimi niko Igogo, kiwanda cha minofu, zamu ya usiku,
buti nyeupe, kofia ya wavu.
Sangara anaingia mzima, anatoka miraba.
Bondo lina safari yake, na bei yake ya kunong'onezwa;
panki linabaki, la kwetu,
likaangwe.
Maboksi huandikwa na mashine.
Majina ya miji nayasoma yote, bila kukwama,
na walaji siwajui kuliko alivyowajua baba.

Nimesikia vinu vya Osaka navyo vilinyamaza,
kazi ikahamia kwenye mikono ya bei poa.
Nilidhani ningefurahi.

Bati lipo. Limeziba tundu la banda la kuku,
nyumbani Mabatini.
Jua likipanda nyuma ya mawe
linapenya, linaandika migongoni mwa kuku,
kuku wanahama na herufi.
Kwilasa wangu, anayeanza kuunga silabi,
ameingia kuokota mayai.
Kutoka ndani analisoma kinyume:
"A-ka-so…
Mama, kasoro nini?"

Nina ndoo mkononi, bado nanuka samaki.
Sijamjibu.