Kilo Saba

Jumanne, saa tisa za usiku, Salala.
Umande umetanda kwenye vioo vya uwanja
na mimi, Zuwena binti Thuwaini, kaunta namba nne,
sikio langu bado linasubiri ndege
ambayo haimo tena ubaoni.

Miaka tisa ilikuja.
Novemba mpaka Machi, kila Jumanne, kama mshahara:
watu mia na themanini waliokwisha kulipia kila kitu,
kiti, kitanda, staftahi, hata jua,
ukanda wa buluu mkononi,
na Jarmila mbele yao, ameinua kibao,
anawahesabu kama kuku mwenye vifaranga.
Hakuna aliyepotea. Hakuna aliyeuliza bei.
Mabasi manne yakinguruma nje,
na kule Dahariz muuza madafu ameshanoa panga.

Kiti kikibaki kitupu, hasara ilikuwa na mwenyewe:
bwana mmoja huko Bratislava
aliyekodi ndege nzima mwezi wa Mei
akiibashiri baridi ya Januari.
Mwaka huu hakubashiri.

Sasa ni hii ya manjano, ya bei poa.
Inatua, inapakua, inapakia, dakika ishirini na tano,
haipati hata nafasi ya kupoa.
Leo riali tisa, kesho arubaini,
bei inapanda na kushuka kama homa.
Maji unanunua. Dirisha unanunua.
Kukaa na mumeo, pia unanunua.
Bakhit, meneja wetu, anaipenda:
"Kila siku, Zuwena! Si Jumanne tu.
Na kiangazi, mvua za milimani zikija, mara sita!"
Kweli. Sikatai.
Imempeleka mama yangu Maskati kwa daktari wa macho
akarudi nyumbani kabla ya Isha.
Wahenga walisema rahisi ni ghali;
labda mama zao walikuwa wanaona vizuri.

Alhamisi alikuja Moidinkuti, dobi wa hoteli.
Miaka kumi na moja amefua mashuka ya wageni wa Jumanne.
Zamani alikwenda kwao Kalikoti mara moja kwa miaka miwili,
nauli akiidunduliza ndani ya mkebe wa majani ya chai.
Safari hii tiketi, riali kumi na nane.
"Umepata bei nzuri," nikamwambia.
"Nzuri," akasema. "Ya kwenda tu.
Mashuka yamepungua, dada."
Nikabandika karatasi kwenye sanduku lake.
Niliibandika upande, ikabidi nianze upya.

Na usiku huu, katikati ya mstari, bila kibao,
Jarmila.
Simu mkononi, begi moja,
anarudi kwao kupitia Dubai na kwingine nisikokujua,
tiketi tatu za makampuni matatu,
moja ikichelewa, zilizobaki hazimjui.

Mizani ikasema nane na nukta nne.
Sheria inasema saba. Ziada, riali kumi na tano.
Akafungua zipu: ubani,
vifurushi vidogo vya kitambaa, kila kimoja na jina,
wale wazee waliokuwa wakija naye
na ambao tangu ndege ikatwe hawaendi popote.
Akavaa sweta. Akavaa sweta nyingine juu yake.
Akajaza ubani mifukoni, kiunoni, ndani ya soksi,
tukacheka mpaka mlinzi akageuka.

Saba na nukta mbili.

Kiatu changu kina tabia zake.
Kilinyanyuka kidogo chini ya ukingo wa begi
na mizani ikatubu: saba kamili.

"Mwakani?" nikauliza.
"Bei ikiteremka."

Alipofika mlangoni akainua mkono juu, kwa mazoea,
kana kwamba bado ameshika kibao,
akageuka kuwahesabu watu wake.

Kaunta ikabaki inanukia ubani.
Abiria aliyefuata alikuwa na kilo kumi na moja
na hakutaka kusikia habari.